Aliyepanda Hashuki: Siku Zangu Katika Nchi ya Sirudi

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kuhesabu wasafiri. Hukaa kwenye kiti cha kukunja pale njia panda, karatasi magotini, na kila anayepita namwekea kijistari: aendaye kwa miguu mahali pake, mwenye baiskeli pake, wa bodaboda pake, wa basi, wa lori, hadi msukuma mkokoteni wa maji anayenitukana kila siku kwamba mimi nimekaa tu. Jina langu ni Atupele. Nalitaja mapema kwa sababu katika nchi nitakayoieleza nilikaa siku arobaini bila kuitwa hivyo hata mara moja. Niliyoyaona kwa macho nitasema niliyaona, niliyoambiwa nitasema niliambiwa, na nisiyoyaelewa nitayaacha kama yalivyo, nayo ni mengi.

Nchi yenyewe inaitwa Sirudi, na watu wake ni Wasirudi. Wizara yao ya Mwendo ilisikia habari zangu, ikaniita nikahesabu wananchi wanasafiri kwa vyombo gani. Mpakani nilipewa fomu. Fomu zangu za nyumbani zina visanduku kumi na kimoja. Hiyo ilikuwa na kimoja tu, kimeandikwa GARI, na tayari kilikuwa kimetiwa alama.

"Sasa mimi nihesabu nini?" niliuliza.

"Wewe uhakikishe tu," alijibu aliyenipokea.

Huyo alikuwa Bwana Songambele, Mkaguzi wa Nyayo, mtu wa makamo mwenye adabu nyingi na koti lililopigwa pasi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kuangalia kama kuna alama ya unyayo wa mtu popote ardhini. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na alijivunia kwamba hajawahi kuuona hata mmoja. Alilisogeza gari lake hadi mlango wake ukagusana na mlango wa forodha, nikavuka kutoka kizingiti hadi kiti bila kukanyaga ardhi. Hapo ndipo shida ilipozuka, kwa kuwa Sirudi gari moja ni la mtu mmoja, na mimi sikuwa na langu. Afisa wa forodha alifikiri sana, kisha akaniandika kuwa mzigo. "Kilo sitini na nane," alisoma kwa sauti, "usipinduliwe." Tangu hapo kila aliyekuwa na shida nami aliniita Mzigo, na walisema kwa heshima kabisa.

Kabla ya kuingia barabarani, Bwana Songambele alinipitisha kwenye Makaburi ya Vyombo, mahali ambapo kila mgeni hupelekwa. Juu ya lango pameandikwa katiba yote ya nchi, maneno mawili: ALIYEPANDA HASHUKI.

Kaburi la kwanza lilikuwa dogo, na juu yake makubazi mawili ya ngozi yamejengewa kioo.

"Hapa imelala Miguu," alisema, akapunguza mwendo na kuvua kofia. "Mababu zetu walikwenda nayo. Siku moja akaja mtu na punda. Baraza likakaa, likaona kwamba aliye juu ya punda anaona mbali, na aliye chini anaona tumbo la punda. Ikapitishwa nchi nzima ipande."

"Na punda?"

"Kaburi la pili. Ilipokuja baiskeli, punda alipatikana na kosa la kuwa na maoni yake. Baiskeli nayo ilikuja kuzikwa kwa sababu ya jasho. Treni, lile kaburi refu, ilizikwa kwa ukaidi: ilikataa kukata kona kwenda nyumbani kwa waziri. Na hili la karibuni ni Basi. Basi lilikuwa na tabia ya kumkalisha mtu na mtu asiyemjua."

Nilimuuliza kama katika mazishi yote hayo hakuna aliyesimama kusema kwamba chombo kinachozikwa bado kingewafaa baadhi ya watu.

"Walisimama wengi," alisema. "Ndiyo maana tuliyafanya mazishi kwa heshima."

"Na kikija kingine baada ya gari?"

Alicheka kama mtu aliyeulizwa kunaliwa nini baada ya shiba. Nadhani waliozika punda walicheka vivyo hivyo.

Barabara Kuu ya Sirudi ina njia nyingi, na magari yamebanana humo kama punje kwenye gunzi. Upande mmoja unakwenda Mbele, ambao ndio mji mkuu. Upande mwingine, nilidhani, unarudi. Bwana Songambele alinikanya nisiseme hivyo hadharani. Msirudi haendi nyuma, kwa hiyo upande huo unaitwa Mbele ya Pili.

Tulijipachika kwenye foleni tukasimama. Baada ya saa tatu nilimuuliza mwendo wa kawaida wa nchi ni kiasi gani.

"Kilomita mia mbili na ishirini kwa saa."

"Mbona hatuendi?"

"Wewe unaangalia nje," alisema bila kukasirika. "Wizara huangalia dashibodi."

Nikaelezwa kwamba kila mwaka Wizara hukusanya namba ya mwisho iliyoandikwa kwenye saa ya mwendo ya kila gari, ikapiga wastani, na huo ndio Mwendo wa Taifa. Umekuwa ukipanda kila mwaka. Barabara yenyewe ilikuwa haijasogea kwa miezi saba. Niliambiwa kwamba manaibu waziri wawili walikutana kwenye kipilefti huko mbele, na kwa kuwa walilingana cheo, hakuna aliyeweza kumpisha mwenzake bila kujishusha. Kamati ilikuwa ikilishughulikia.

Watu waliishi humo. Niliona magari yenye mapazia na mchicha uliopandwa juu ya paa. Wachuuzi walipita kati ya foleni kwa vigari vyembamba vya leseni, na kinyozi alimnyoa mteja dirisha kwa dirisha. Kuhusu haja nyingine za mwili sitaeleza; Wasirudi wamezitungia sheria nzuri, na ndoo.

Mbele yetu lilikuwa gari la binti aitwaye Arafa, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye riziki yake ilikuwa kuwaandikia watu barua za maombi kwa Wizara. Mbele ya Arafa lilikuwa gari la mama yake, Bi Kidawa. Mama huyo alikaanga maandazi kwenye jiko la mafuta alilolipachika pale ambapo basi lingeweka abiria wa pili, akayapitisha nyuma kwa kikapu kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio. Mimi yalinifikia kupitia kwa Arafa, ya moto bado. Siku ya kwanza Bi Kidawa alipaza sauti, "Wewe mgeni uliyeandikwa mzigo, kwenu mnakula iliki?" Nikamjibu tunakula. Tukawa majirani.

Na upande wa kulia wa Arafa, katika foleni ya kwenda Mbele ya Pili, dirisha lake likitazamana na dirisha la binti kwa umbali wa dhiraa mbili hivi, lilisimama gari jeupe la fundi cherehani aitwaye Shomari. Cherehani yake ilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye pini mdomoni muda wote. Alinieleza mwenyewe jinsi mambo yalivyoanza.

"Siku barabara iliposimama nilimkasirikia. Kioo chake cha pembeni kilikuwa kimekwaruza changu. Siku ya pili nikamwomba chumvi. Siku ya tatu sikuwa na haja ya chumvi, lakini nikaomba."

Miezi saba ya kuombana chumvi ilizaa posa. Mjomba wa Shomari alikuwa magari arobaini nyuma ya mpwawe, hivyo barua yake ilipitishwa dirisha kwa dirisha, na kwa kuwa haikuwa na bahasha, kila aliyeipokea aliisoma. Ilimfikia Bi Kidawa ikiwa na maoni thelathini na tisa pembeni, mengi ya kuunga mkono.

Bi Kidawa aliisoma yote. Nilimsikia vizuri, maana alikuwa akisema na binti yake kwa kupiga kelele.

"Kijana ni mzuri, sikatai. Suti aliyomshonea yule hakimu nimeiona. Lakini anaelekea wapi?"

"Mbele ya Pili, mama."

"Ndilo hilo! Mume uso kule, mke uso huku. Hiyo ni ndoa au ni kupishana?"

Ilikuwa hoja nzito. Sirudi mume na mke hukaa kila mmoja garini mwake, lakini katika foleni moja, na hufunga kamba nyembamba kutoka gari hadi gari. Arafa aliwaandikia Wizara barua ya kuomba Shomari ageuziwe upande. Ilikuwa barua bora kuliko zote alizowahi kuandika. Alinisomea, na mimi nisiyelia hovyo nililia. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Wizara ilimruhusu Shomari kugeuka, kwa kufuata taratibu, atakapofika kipilefti cha upande wake. Kwa makadirio ya wataalamu hilo lingechukua miaka thelathini na mmoja. "Wizara inawatakia subira," barua ilimalizia, "na watoto."

Arafa aliikunja akaiweka chini ya kiti. "Hata hivyo," alimwambia Shomari, "barabara haisogei."

"Haisogei," alisema Shomari. Walikuwa watu wawili pekee katika nchi nzima walioomba iendelee hivyo.

Siku ya ishirini na sita ya kukaa kwangu, asubuhi, redio za magari yote zilipiga wimbo wa taifa, kisha mtangazaji akasema mmoja wa wale manaibu amepandishwa cheo. Kwa kuwa sasa yuko juu, anaweza kumpisha aliye chini bila kupungukiwa. Barabara ilikuwa imefunguliwa.

Sijapata kusikia kelele kama ile. Honi, vigelegele, watu wakipiga milango ya magari yao kama ngoma. Bwana Songambele aliinua mikono akashukuru. Bi Kidawa alipiga vigelegele vitatu, akasogea mbele urefu wa gari moja, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyekumbuka kwamba ameacha kitu.

Mbele ya Arafa pakawa na nafasi tupu. Mbele ya Shomari pia.

"Arafa! Washa gari!" Bi Kidawa aliita, lakini sauti haikuwa na nguvu yake ya kila siku.

"Limewaka, mama."

"Basi sogea."

"Ninasogea." Hakusogea.

Nyuma yetu honi zilianza kubadilika, zikawa za hasira. Nilimwona Shomari akitoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kola yake.

"Ukisogea wewe," alimwambia Arafa, "nitakuona kwenye kioo kwa siku mbili hivi, kama mwendo ndio huu. Tukisogea wote, siku moja."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijui."

Arafa alishika usukani kwa mikono miwili akautazama. Kijana alizima gari lake. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, niliyetoka kwenye nchi ya waenda kwa miguu, sikulitambua uzito wake mpaka nilipoona uso wa Bwana Songambele ukigeuka kijivu. Alifungua mlango. Si dirisha. Akatoa mguu mmoja, akauweka chini, akautazama, akatoa wa pili. Alisimama dede kama mtoto wa mwaka mmoja, ameng'ang'ania paa la gari. Honi zilinyamaza moja baada ya nyingine mpaka nikasikia mafuta ya maandazi yakichemka garini kwa Bi Kidawa.

Kisha akaliachia paa. Nilihesabu, kwa mazoea tu. Moja. Mbili. Mkono wake ukafika kwenye dirisha la Arafa.

"Nimefika," alisema.

Arafa aliushika mkono ule.

Bwana Songambele alipuliza filimbi yake, ambayo haikuwahi kupulizwa na ilitoa vumbi kwanza. "Wewe! Rudi garini!"

Mara akajiziba mdomo. Neno lile, kumwamuru raia arudi, lilikuwa lenyewe kosa.

Shomari alimgeukia. "Sirudi," alisema. Na kwa kuwa hilo ndilo jina la nchi, waliokuwa mbali kidogo walidhani wimbo wa taifa unaanza, wakavua kofia.

Kumkamata haikuwezekana, maana mkamataji angelazimika kushuka. Bwana Songambele aliniomba nimkamate mimi. Nikamkumbusha kwamba nimeandikwa mzigo, na mzigo haupewi amri. Aliliona hilo kuwa kweli. Ikabidi kesi isikilizwe pale pale, hasa kwa vile gari tupu la Shomari lilikuwa limeziba njia upya. Hakimu Pazi, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza na suti aliyoshonewa na mshtakiwa mwenyewe, alisogezwa katika foleni ya jirani mpaka akawa sambamba nasi. Alishusha kioo nusu, na mahakama ikawa imefunguliwa.

"Mshtakiwa anashtakiwa kwa kukanyaga," alisoma Bwana Songambele, "na kwa kuacha chombo."

"Ulitembea?" aliuliza Hakimu.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Shomari. Alikuwa ameegemea gari la Arafa. "Kutembea ni pale mtu anapokuwa bado hajafika. Mimi nilishuka, nikawa nimefika."

Palizuka mjadala wa kisheria ulioendelea hadi chai. Wengine walisema hatua moja ni kuanguka, na mbili ndio kutembea. Wengine walitaka tatu. Hakimu aliuliza ni nani aliyezihesabu, nikainua mkono. Bwana Songambele alipinga: mzigo hauwezi kuwa shahidi.

"Ni kweli," alisema Hakimu. "Lakini unaweza kuwa kielelezo. Upokelewe kama Kielelezo A. Kielelezo, ulihesabu ngapi?"

"Mbili, mheshimiwa. Na ninaomba niulize swali moja, la kazi yangu."

"Kielelezo hakiulizi. Uliza."

"Mimi huhesabu mtu anakwenda kwa nini. Gari la mheshimiwa linakwenda kwa nini?"

"Kwa mafuta."

"Na mafuta yanakanyagwa na nini?"

Hakimu alifungua mdomo, kisha akatazama chini, kwenye sakafu ya gari lake. Niliona katika magari ya jirani vichwa vikiinama kimoja kimoja, kama watu waliodondosha ufunguo. Bwana Songambele pia aliinama. Miguu yake, niliyokuwa nimeiona siku zote hizo ikiwa peku juu ya pedali, ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Aliivuta nyuma akaificha chini ya kiti.

"Kielelezo kinyamaze," alisema Hakimu hatimaye. "Mama wa binti, una neno?"

"Ninalo," alisema Bi Kidawa. "Nilimkataa huyu kijana kwa sababu ya upande anakoelekea. Sasa hana upande. Sijui nimkatae kwa lipi, na hilo linanisumbua."

Hukumu ilitolewa. Kando ya barabara kuna ukanda wa majani unaoitwa Kando, ambako hakuna aliyewahi kupelekwa kwa kuwa hakuna aliyejua panafikiwaje. Shomari atapita huko kwa miguu mpaka Mbele, akaiombe Wizara radhi. "Kwa mwendo wa aibu namna hiyo," alisema Hakimu, "atafika akiwa mzee, na liwe funzo."

Hapo mlango wa Arafa ukafunguka. Kwanza ulitoka mguu, kisha sauti: "Niandikie na mimi, mheshimiwa."

"Arafa!" Bi Kidawa alilia. "Utachafuka!"

Walianguka mara mbili katika hatua ishirini za kwanza, na mara zote mbili walicheka. Walipita kati ya magari wakishikana viwiko, watu wakivuta vioo vyao vya pembeni kuwapisha, wengine wakifumba macho. Wakafika kwenye majani. Wakashika njia ya Mbele.

"Masikini," alisema Bwana Songambele. "Hatutawaona tena."

Tuliwatazama. Baada ya robo saa walikuwa wadogo, na mkaguzi alianza kukunja uso, maana walikuwa wakipungua upande usiotarajiwa. Habari zilianza kurudi kwa redio. Wafungwa wamelipita gari la Mkuu wa Barabara. Kabla jua halijafika utosini wamempita Katibu Mkuu, aliyeondoka nyumbani kwake kwenda kazini miaka minne iliyopita. Alasiri wafungwa walikuwa mbele ya taifa zima, wamekaa kwenye jiwe wakisubiri kuambiwa radhi inaombwa dirisha lipi.

Niliambiwa na waliokuwepo kwamba kikao cha Wizara kilikuwa kigumu. Mmoja alipendekeza wakamatwe, akaulizwa kwa kutumia nini. Mwingine, msomi, alisema dunia ni duara, hivyo aliye mbele sana kwa hakika yuko nyuma sana, na itangazwe hivyo. Hoja hiyo ilipata kura nyingi lakini haikumtuliza mtu. Tatizo lilibaki pale pale: kuukubali mguu ni kurudi, na nchi hairudi.

Siku ya tatu Waziri wa Mwendo alihutubia.

"Wasirudi wenzangu," alisema, "wataalamu wetu wamevumbua chombo kipya. Kinaitwa Jozi. Hakinywi mafuta, hakihitaji maegesho, na kinapanda ngazi. Kwa hisani ya Wizara, kila mwananchi alikwisha kugawiwa jozi yake tangu siku ya kuzaliwa. Vijana wawili wazalendo wamekijaribu kwa siri kwa niaba ya taifa, nacho kimefaulu."

Hivyo ndivyo Arafa na Shomari walivyoacha kuwa wafungwa. Nchi ilishangilia. Palikuwa na leseni, bila shaka, ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto, na Bwana Songambele akateuliwa Mtahini Mkuu, jambo lililomlazimu afaulu yeye kwanza. Alishuka garini kwa tumbo, mikono yangu ikiwa chini ya makwapa yake. Alipogusa lami alishtuka.

"Ni ya moto!"

"Ni jua, bwana."

"Tangu lini?"

Aliinua mguu, akaushusha, akauinua. Mtu huyu aliyetafuta unyayo kwa miaka kumi na tisa alikanyaga vumbi la kando ya barabara, akatazama nyuma, akauona wa kwanza maishani mwake, nao ulikuwa wake. Alichuchumaa juu yake kwa muda.

Foleni zilianza kupungua. Na niseme haki: kwa kuwa wengi walishuka, magari ya waliobaki yalianza kwenda kweli, na mzee aliyepooza upande mmoja, wa njia ya nne, alifika hospitali kwa nusu saa badala ya kuwaachia wanawe safari hiyo kama urithi. Nilimpelekea Bwana Songambele habari hiyo kwa furaha. Nikamkuta makaburini na watu wenye majembe, wanapima shimo kubwa.

"La nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"La Gari," alisema. "Limepitwa na wakati."

"Usilizike, bwana. Mjamzito je? Mwenye kubeba magunia? Na badala ya kuzika hilo, fukua yale mengine uone. Ile baiskeli ingemfaa mwalimu anayekwenda kilomita tano kufundisha, na basi lingewafaa wengi. Nimehesabu wasafiri miaka ishirini na miwili, sijakutana na mtu ambaye chombo kimoja kilimtosha maisha yake yote."

Alinisikiliza kwa makini, akaandika. Alisema ataliwasilisha. Wenye majembe walikaa chini kusubiri jibu, na nilipoondoka nchini walikuwa bado wamekaa.

Bi Kidawa hakushuka. Siku tano mfululizo alikaanga maandazi, akayaweka kwenye kikapu, akakisukuma nyuma kwa mpini wa ufagio mpaka kwenye dirisha la gari tupu la binti yake, akakirudisha. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuwa ameikanyaga ardhi tangu akiwa msichana. Siku ya sita asubuhi alizima jiko.

"Mgeni," aliniita, "wewe unaijua hii kitu. Inaanza na upi?"

"Wowote, mama."

"Usinifanyie mzaha."

"Anza na wa kulia."

Tulitembea siku mbili, tukipumzika kila aliposema tupumzike, yaani kila mara. Alikuwa akilalamika njia nzima: majani yanachoma, jiwe limemwonea, kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba kisigino kinauma peke yake. Njiani alinieleza kwamba sheria ilimpa Arafa gari lake alipotimiza miaka kumi na minane, na tangu siku hiyo hakuwa amemgusa. Alimwona kwenye kioo tu, macho na paji la uso.

Alasiri ya siku ya pili tuliwaona. Shomari alikuwa amepiga goti akimpima mtu suruali, ya kwanza kushonwa Sirudi kwa mtu aliyesimama, na ilimchanganya. Arafa alikuwa amekaa kwenye jiwe, akiwajazia watu fomu za leseni. Aliinua kichwa. Akaiacha kalamu, akanyanyuka, akaja mbio, za kuyumba, lakini mbio.

"Simama hapo hapo!" alisema Bi Kidawa, amenyoosha kiganja.

Arafa akasimama, hatua tatu kutoka kwetu, akihema.

"Nyooka."

Akanyooka. Mama yake alimtazama kuanzia vidoleni, akapanda taratibu, akapanda, mpaka ikabidi ainue kidevu kuufikia uso. Aliuachia mkono wangu.

"Wewe mtoto," alisema. "Tangu lini umekuwa na kimo cha baba yako?"

"Sijui, mama," alisema Arafa. "Nilikuwa nimekaa."